Shaba ilipopanda bei: historia iliyofichwa katika kuta za Dallas na Houston

Tangu mwaka 2021 bei ya shaba nyekundu katika masoko ya dunia imevunja rekodi mara kadhaa. Katika miji ya Dallas, Fort Worth na Houston, jimboni Texas nchini Marekani, jambo hilo si geni. Maelfu ya nyumba za huko zingali zimebeba ndani ya kuta zake alama ya msukosuko mwingine wa bei, ule wa miaka ya 1960, na sehemu ya chimbuko la msukosuko huo ilikuwa Afrika ya kati na ya mashariki.

Msikilizaji, mtu anayenunua nyumba ya zamani katika vitongoji vya miji hiyo huulizwa kwanza na mkaguzi: nyumba hii ilijengwa mwaka gani? Ikiwa jibu linaangukia kati ya mwaka 1965 na 1973, mkaguzi atafungua kisanduku cha umeme, atatoa vifuniko vya soketi mbili tatu, na kutazama rangi ya waya. Waya mwekundu ni shaba, na hapo moyo wa mnunuzi hutulia. Waya mweupe unaong'aa kama fedha ni alumini, na kuanzia hapo mazungumzo hubadilika. Bei ya nyumba hujadiliwa upya, kampuni ya bima huenda ikakataa kuikatia bima, na fundi umeme huitwa ili aeleze gharama ya matengenezo.

Kwa nini alumini iliingia katika nyumba za watu miaka hiyo tu, isiingie kabla yake wala kuendelea baada yake? Jibu halipatikani Texas. Tunalazimika kurudi katika ukanda wa shaba wa Zambia na Katanga.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Wakati huo ilikuwa mojawapo ya wauzaji wakubwa wa shaba duniani, lakini haikuwa na pwani, na madini yake yalisafirishwa kwa reli kupitia Rhodesia ya Kusini hadi bandari za Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake kutoka Uingereza. Njia ya shaba ikawa mikononi mwa utawala ambao Rais Kenneth Kaunda hakuutambua. Mafuta ya petroli yakaadimika Zambia, na ikabidi yaletwe kwa mapipa kutoka Dar es Salaam. Malori yalipanda na mafuta na kurudi na shaba, katika barabara ya vumbi na matope iliyopita Iringa, Mbeya na Tunduma, barabara ambayo madereva wengi walipotezea maisha yao. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilianza kujengwa kwa msaada wa China mwaka 1970 na kumalizika mwaka 1975. Wasikilizaji wenye umri mkubwa, hasa wa mikoa ya Mbeya na Iringa, wataikumbuka miaka hiyo vyema kuliko mwandishi yeyote anavyoweza kuieleza.

Jirani ya Zambia, katika Kongo, hali haikuwa shwari pia. Jaribio la Katanga kujitenga lilikuwa limezimwa mwaka 1963, na tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilitaifisha mali za kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906 na ikawa ikichimba shaba huko. Ikumbukwe kwamba shaba ya Katanga haikugunduliwa na Wabelgiji. Karne nyingi kabla yao, misalaba ya shaba ilikuwa ikitumika huko kama fedha, na katikati ya karne ya 19 shaba hiyo hiyo ndiyo iliyowavuta wafanyabiashara kutoka nchi ya Wasumbwa na Wanyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo. Huko Katanga waliitwa Bayeke, na mmoja wao, Msiri, alijijengea dola kubwa yenye makao yake Bunkeya, hadi alipouawa kwa risasi ya afisa wa Kibelgiji mwezi Desemba 1891.

Basi katikati ya miaka ya 1960 dunia ilihitaji shaba kwa wingi, na wakati huo huo njia zake zilikuwa na mashaka. Vita vya Vietnam vilikuwa vikila shaba, kwani maganda ya risasi hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Migomo ya wachimbaji ilizuka nchini Chile na Zambia. Katika Soko la Metali la London bei ilipanda kwa kasi, na mwaka 1966 ilifikia kiwango kilichozidi mara mbili ile iliyokuwa ikitozwa na wazalishaji wa Marekani kwa wateja wao.

Huko Washington, Rais Lyndon Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa Texas, aliogopa mfumuko wa bei. Mwezi Novemba 1965 serikali yake ilitangaza kwamba ingetoa tani 200,000 za shaba kutoka katika akiba ya taifa, na makampuni yaliyokuwa yamepandisha bei yakairudisha kwenye senti 36 kwa ratili. Lakini bei iliyozuiwa kwa amri haiongezi shaba ghalani. Tarehe 15 Julai 1967 wafanyakazi wa migodi na viwanda vya shaba vya Marekani waligoma, na mgomo huo ulidumu zaidi ya miezi minane. Ulipomalizika bei ilianza kupanda tena, na mwaka 1970 ilifika senti 60 kwa ratili.

Mjenzi wa nyumba hakuwa na nafasi ya kusubiri siasa za Lusaka au Washington zitulie. Katika Texas hasa, hakuwa na nafasi kabisa. Mwaka 1960 mji wa Houston ulikuwa na wakazi wapatao 938,000. Miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Dallas ilitoka watu wapatao 680,000 hadi zaidi ya 844,000 katika muda huo huo, bila ya kuhesabu vitongoji vyake. Shirika la safari za anga za juu, NASA, lilikuwa limejenga kituo chake kusini mwa Houston. Viwanda vya mafuta, vya ndege na vya vifaa vya elektroniki viliajiri watu usiku na mchana. Nyumba zilimea kama uyoga baada ya mvua, na kila nyumba ilitaka kiyoyozi, maana joto la Texas katika mwezi wa Agosti halina huruma. Mwaka 1965 Houston ilifungua hata uwanja wa michezo, Astrodome, uliofunikwa paa na kupozwa hewa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kiyoyozi kina mirija ya shaba, na kinahitaji nyaya nene za umeme.

Hapo ndipo alumini ilipopata nafasi yake. Metali hiyo ilikuwa ikitumika tangu zamani katika nyaya kubwa za umeme zinazopita juu ya nguzo, na ilifanya kazi hiyo vizuri, na inaendelea kuifanya hadi leo. Ni nyepesi, uzito wake hauzidi theluthi moja ya ule wa shaba, na ilikuwa rahisi kwa bei. Haipitishi umeme sawa na shaba, lakini waya ukiongezwa unene kidogo tofauti hiyo inafutika. Kwa mahesabu ya karatasini hapakuwa na tatizo. Viwanda vikaanza kutengeneza waya mwembamba wa alumini kwa ajili ya soketi na taa za nyumbani, na wajenzi wakaununua kwa furaha. Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa za Walaji inakadiria kwamba nyumba zipatazo milioni 2 zilitiwa waya wa aina hiyo nchini kote kati ya mwaka 1965 na 1973. Sehemu zilizokuwa zikikua kwa haraka wakati huo, Texas ikiwemo, zilipata fungu lake.

Kasoro haikuwa katika waya wenyewe bali mahali unapoungana na kifaa, pale unapokazwa kwa skrubu kwenye soketi au swichi. Alumini hutanuka zaidi ya shaba inapopata joto, na husinyaa zaidi inapopoa. Ikibanwa kwa skrubu kwa muda mrefu hulegea polepole, mithili ya mkate wa nta uliokandamizwa. Tena, inapokutana na hewa huvaa ngozi nyembamba isiyopitisha umeme. Kwa hiyo kila mara mwenye nyumba anapowasha pasi au kiyoyozi, kiungo hicho kinapata joto, kinatanuka, kinasinyaa, kinalegea kidogo zaidi, na mara inayofuata kinapata joto kubwa zaidi. Hayo huendelea kwa miaka, ukutani, bila ya mtu kuyaona. Fyuzi haikatiki kwa sababu umeme unaopita haujazidi kiwango, ila unapita kwa shida mahali pamoja. Mtu anaweza kulala na hatari hiyo nyuma ya kitanda chake kwa miaka kumi na asijue.

Mwezi Aprili 1974 watu wawili walikufa katika moto ulioteketeza nyumba moja huko Hampton Bays, jimboni New York. Wachunguzi wa zimamoto walisema chanzo ni kiungo kibovu cha waya wa alumini kwenye soketi. Kwa sadfa ya kusikitisha, ni mwezi huo huo bei ya shaba mjini London ilipofika kilele chake cha enzi hiyo. Utafiti uliofanywa baadaye kwa ajili ya Tume iliyotajwa uligundua kwamba nyumba iliyotiwa waya wa alumini kabla ya mwaka 1972 ina uwezekano mara 55 zaidi, kuliko nyumba ya waya wa shaba, wa kuwa na kiungo kimoja au zaidi kilichofikia hali ya kuweza kuwasha moto.

Mwaka 1977 Tume hiyo iliyafikisha mahakamani makampuni yaliyotengeneza waya huo. Miongoni mwao ilikuwemo Anaconda, na jina hilo linachekesha kidogo katika mkasa huu, kwa kuwa Anaconda ilikuwa ndiyo kampuni kubwa ya shaba, iliyopoteza migodi yake nchini Chile ilipotaifishwa mwaka 1971. Mawakili wa makampuni waliuliza swali ambalo mtu wa kawaida asingelifikiria: je, waya uliofichwa ukutani ni bidhaa ya mlaji, wakati mlaji hakuuingia dukani kuununua, bali alinunua nyumba? Mahakama zilijadili swali hilo kwa miaka, na nyumba zikaendelea kupata joto. Hakuna amri ya kitaifa iliyowahi kutolewa kuyalazimisha makampuni kurudi na kubadilisha nyaya. Gharama ilibaki kwa mwenye nyumba, na yeye akiuza, ilikwenda kwa anayemfuata.

Serikali nayo, kwa upande wake, haikuwa na busara zaidi ya wajenzi. Mwaka 1973, shaba iliyomo katika sarafu ya senti moja ilipokaribia kuwa na thamani kuliko senti yenyewe, kiwanda cha sarafu cha Marekani kilitengeneza senti zipatazo milioni 1.5 za alumini, zenye tarehe ya mwaka 1974. Hazikutolewa kamwe. Mwaka 1982 senti ya shaba ilibadilishwa kuwa ya zinki iliyopakwa shaba kwa nje tu, na mwezi Novemba 2025 Marekani iliacha kabisa kutengeneza senti kwa matumizi ya kawaida. Fort Worth ina kiwanda cha serikali cha kuchapisha noti, na karatasi, bila ya shaka, haina tatizo hilo.

Baada ya Aprili 1974 bei iliporomoka, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Wajenzi wa Dallas na Houston wakarudi kwenye shaba kimya kimya. Zambia na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, hazikuwa na pa kurudi. Zilikuwa zimekopa kwa kutegemea bei ya jana. Umoja wa nchi zinazouza shaba, CIPEC, ulioundwa mwaka 1967 na Zambia, Kongo, Chile na Peru kwa matumaini ya kudhibiti bei, haukufaulu. Kampuni ya taifa ya Kongo, Gécamines, iliyozalisha zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka hadi sehemu ndogo tu ya kiwango hicho katika muongo uliofuata, na nchi yenyewe ikaingia vitani.

Msukosuko wa pili ulianza mwaka 2004. Safari hii aliyekuwa na njaa ya shaba ni China, iliyokuwa ikijenga miji, mitambo ya umeme na viwanda. Wastani wa bei ya tani moja ulikuwa chini ya dola 1,800 mwaka 2003, lakini mwaka 2006 ulipita dola 6,700. Wajenzi wa Texas walikuwa wamejifunza. Hawakurudia waya mwembamba wa alumini, ingawa kwenye mabomba ya maji wengi waliacha shaba na kutumia mabomba ya plastiki. Hata hivyo shaba iliyokuwa tayari imo majumbani iligeuka kuwa mali inayowindwa. Wezi walivunja viyoyozi vilivyosimama nyuma ya makanisa, shule na nyumba zisizo na watu, wakatoa mirija na kuacha maganda. Katika biashara ya vyuma chakavu mwizi alijipatia makumi machache ya dola, na mwenye mali alilazimika kutumia maelfu kununua kiyoyozi kipya. Tofauti hiyo ndiyo inayoufanya wizi wa shaba uudhi kuliko wizi mwingine: hasara ni kubwa mno kuliko faida ya mwizi.

Mwaka 2007 Bunge la Texas liliweka wanunuzi wa vyuma chakavu chini ya usimamizi wa Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo. Muuzaji wa shaba sharti aoneshe kitambulisho, na kumbukumbu za mauzo zihifadhiwe. Wizi wa shaba, hata wa thamani ndogo, ukahesabiwa kuwa kosa kubwa la jinai ambalo adhabu yake ilikuwa kifungo cha kati ya siku 180 na miaka 2. Mwaka 2025 Bunge hilo lilipitisha sheria nyingine ya kuongeza makali. Pamoja na hayo, sehemu za barabara kuu za Houston zimekuwa na giza usiku katika miaka ya karibuni, na mamlaka za barabara zimetaja wizi wa nyaya za shaba miongoni mwa sababu. Wasikilizaji wa Kenya hawatashangaa. Mwezi Januari 2022, baada ya umeme kukatika nchi nzima, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, na ilifunguliwa tena mwezi Mei mwaka huo huo chini ya masharti mapya.

Mwezi Februari 2021 Texas ilipatwa na baridi ambayo haikuizoea. Umeme ulikatika kwa siku kadhaa katika mamilioni ya nyumba, watu 246 walikufa kwa hesabu rasmi ya jimbo, na mabomba ya maji yakapasuka, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka na bomba la shaba haliwezi kuyazuia. Dallas, Fort Worth na Houston zilijaa watu waliokuwa wakiwatafuta mafundi bomba. Ni mwezi huo huo bei ya shaba ilipopita dola 9,000 kwa tani kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2011. Mambo hayo mawili hayakuhusiana, ila yalikutana katika ankara moja.

Mwezi Julai 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa asilimia 50 kwa shaba inayoingia Marekani. Bei ya New York iliruka, kisha mwishoni mwa mwezi ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja, ilipobainika kwamba shaba ghafi iliyosafishwa haimo. Vilivyobaki katika ushuru vilikuwa bidhaa kama vile nyaya na mabomba, yaani vile hasa ambavyo fundi huviingiza katika nyumba ya mtu.

Leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ya pili duniani kwa kuzalisha shaba, ikiwa nyuma ya Chile. Wakati huo huo Dallas, Fort Worth na Houston zimewapokea Wakongo wengi waliokimbia vita, hasa kutoka Kivu, baadhi yao baada ya kuishi miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma. Kiswahili chao husikika katika mitaa ya Vickery Meadow mjini Dallas na Gulfton mjini Houston. Mitaa hiyo ya majengo ya kupangisha ilijengwa zamani kwa ajili ya vijana wa ofisini na wafanyakazi wa mafuta, nao walipohama, kodi zikashuka na wahamiaji wakaingia. Si kila jengo la zamani lina waya wa alumini. Lakini mpangaji hawezi kufungua ukuta wa mwenye nyumba ili atazame, na mkaguzi wa mnunuzi haji kwa ajili yake.

Anachoweza ni kutumia mkono, macho na pua. Mafundi wanasema kifuniko cha soketi au swichi kikiwa cha moto bila ya sababu, taa zikipepesa, au pakitoka harufu ya plastiki inayoungua wakati hakuna kinachopikwa, kifaa hicho kisitumike tena na mwenye jengo aarifiwe kwa maandishi siku hiyo hiyo, ili aite fundi mwenye leseni. Kuikaza skrubu mwenyewe si dawa, na kwa waya wa alumini kunaweza kuzidisha ubovu. Kipande kifupi cha shaba huunganishwa kwenye ncha ya waya kwa kifaa maalumu, na katika nyumba ya vyumba vitatu viungo hivyo huweza kufika makumi kadhaa.